Ankara Kulipwa kwa Simu: Wajibu wa Katibu na Haki ya Mwanachama

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, makatibu, watunza fedha na wanachama wataweza kueleza njia inayopitiwa na fedha za ankara zinapolipwa kwa simu; kutaja sababu zinazowafanya watu wengine wasite kulipa kwa njia hiyo; na kutunza daftari litakaloonyesha kila mwezi nani amelipa, nani hajalipa, na fedha gani zimepokewa bila mwenyewe kujulikana. Jambo la mwisho ndilo kiini cha somo, kwani huko ndiko haki ya mwanachama inakopotelea.

1. Jinsi malipo yalivyobadilika

Hapo zamani mwenye ankara ya maji au ya umeme aliipeleka mwenyewe dirishani. Alipanga mstari, akatoa fedha taslimu, akapewa stakabadhi yenye muhuri. Aliyekaa mbali na mji alipoteza siku nzima ya kazi pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, na mara nyingine nauli hiyo ilizidi ankara yenyewe. Wengine waliona ni nafuu kumkabidhi fedha mtu anayekwenda mjini, wakabaki kungoja stakabadhi ambayo pengine haikufika.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Kwa upande wa umeme ilikuja LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Mteja hununua umeme kabla ya kuutumia, hupewa namba yenye tarakimu 20, naye huiingiza katika mita yake. Kisha ikaja huduma ya fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu nazo zikawa na huduma zao. Hatua iliyofuata ni ya mwaka 2017, Serikali ya Tanzania ilipoanza kutumia mfumo wa pamoja wa kukusanya malipo yake, uitwao kwa kifupi GePG. Katika mfumo huo kila ankara hupewa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, na mteja huilipa kwa simu, kwa wakala au benki.

Mamlaka za maji za mijini hutumia utaratibu huo, na vyombo vya maji vya jamii vijijini, ambavyo viko chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, navyo vimekuwa vikiingizwa humo. Vyama vya ushirika vinalikuta jambo hili kwa njia tatu. Kwanza, chama chenyewe ni mteja anayenunua umeme wa mashine na kulipa maji ya kiwanda. Pili, wanachama wake ndio hao hao wanaochaguliwa kuwa viongozi wa chombo cha maji kijijini. Tatu, chama chenye kisima au bomba lake hutoa ankara na kupokea malipo. Kwa hiyo elimu hii haina budi kumfikia kila katibu.

2. Kutuma fedha na kulipa ankara ni mambo mawili

Wengi hudhani kwamba simu ikileta ujumbe wa kuthibitisha, ankara imekwisha kulipwa. Kwa kawaida huwa hivyo, lakini si lazima iwe hivyo. Fedha hupita vituo vinne. Kituo cha kwanza ni simu ya mlipaji, ambamo salio hupungua. Cha pili ni kampuni ya simu au benki inayoupeleka muamala. Cha tatu ni akaunti ya mtoa huduma. Cha nne ni ukurasa wa mteja katika leja ya mtoa huduma, ambamo deni hufutwa. Mwanachama huviona vizuri vituo viwili tu, yaani simu yake mwanzoni na bomba lake mwishoni: maji yanatoka au yamekatwa.

Endapo mlipaji atakosea tarakimu moja ya namba, fedha zinaweza kukataliwa, au kuingia katika ukurasa wa mtu mwingine. Endapo chama kinapokea malipo kwa namba moja ya jumla bila kumtaka mlipaji aandike namba yake ya mteja, fedha zitafika katika akaunti ya chama lakini hazitajua pa kwenda. Mtandao ukikwama, fedha huweza kutoka kwa mlipaji leo zikaonekana kwa mpokeaji kesho. Katika hali zote hizo mlipaji ana ujumbe mkononi, ilhali leja ya katibu inasema anadaiwa. Wote wawili wanasema kweli, na pasipokuwa na utaratibu wa kuwapatanisha, mmoja ataitwa mwongo.

3. Kwa nini watu husita

Ni kosa kusema kwamba wasiolipa kwa simu ni watu wasiopenda maendeleo. Katibu anayetaka kuwahamasisha hana budi kwanza azijue sababu zao, maana nyingi zina msingi.

(a) Gharama. Kutuma fedha au kulipa kwa simu kunaweza kuwa na ada, na ada huuma zaidi ankara inapokuwa ndogo. Mwezi Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilianzisha tozo ya miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mtu mwenye fedha kidogo huhesabu kila shilingi, na ana haki ya kufanya hivyo.

(b) Kukosa karatasi. Stakabadhi yenye muhuri huwekwa sandukuni hata miaka kumi. Ujumbe wa simu hufutika, simu huibwa, na laini hupotea. Mzee aliyewahi kudaiwa mara mbili hatakubali kwa urahisi kuiacha karatasi.

(c) Mfumo kukwama. Mwezi Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa nchini Tanzania, na wateja wakalazimika kupanga foleni katika ofisi za TANESCO. Aliyekaa gizani wakati fedha anazo hakumbuki miezi mingi ambayo mfumo ulifanya kazi. Hukumbuka siku zile chache.

(d) Kutokuwa na simu, au kutojua kusoma maandishi yake. Hili huwapata hasa wazee, na akina mama ambao simu ya nyumbani hushikwa na baba.

(e) Matapeli. Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe usemao ile pesa itumwe katika namba fulani. Aliyeibiwa kwa njia hiyo huiogopa kila namba.

4. Namna ya kuhamasisha

Hamasa isiyojibu sababu hizo ni kelele tu. Hatua zifuatazo zimo ndani ya uwezo wa chama chochote.

Kwanza, namba ya kulipia iandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya ankara yenyewe na katika ubao wa matangazo wa chama, pamoja na jina litakalotokea katika simu kabla ya mlipaji kuthibitisha. Mwanachama afundishwe kulisoma jina hilo kwanza. Likiwa si jina la mtoa huduma, aache.

Pili, katika mkutano wa wanachama katibu aonyeshe hesabu ya gharama kwa uwazi. Aandike ubaoni nauli ya kwenda mjini na kurudi, na kando yake ada ya kulipa kwa simu siku hiyo. Wanachama walinganishe wenyewe. Pale ambapo ofisi iko jirani na ada ni kubwa, waambiwe hivyo. Katibu anayesema kweli katika jambo dogo huaminiwa katika kubwa.

Tatu, waelezwe kwamba ankara hutambuliwa kwa namba yake wala si kwa simu iliyotumika. Asiye na simu anaweza kulipa kwa wakala au kwa simu ya mwanawe. Ila namba ya siri ya simu yake asimpe mtu yeyote, awe wakala, katibu au ndugu.

Nne, mwenye kutaka karatasi apewe karatasi. Chama kinachopokea malipo kimwandikie stakabadhi ya kawaida kila anayeomba, yenye namba ya muamala, mara malipo yanapothibitishwa. Gharama ya kitabu cha stakabadhi ni ndogo kuliko hasara ya mwanachama mmoja kupoteza imani.

Tano, mabadiliko yasifanywe kwa ghafla. Mkutano mkuu uamue tarehe, na kabla ya tarehe hiyo njia zote mbili zikubaliwe. Hata baadaye chama kiwe na utaratibu ulioandikwa wa siku ambazo mtandao umekwama: muda wa kulipa usogezwe, wala mteja asitozwe faini kwa siku hizo.

5. Namna ya kufuatilia

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kulipa kwa simu hakukuondoa daftari. Kumeongeza haja yake, kwa sababu fedha sasa huingia usiku na mchana bila kumpitia karani.

Kila siku ya kazi katibu au mtunza fedha alinganishe vitu vitatu: taarifa ya akaunti inayotoka benki au kampuni ya simu, daftari la fedha la chama, na leja ya wateja. Kila muamala ulioko katika taarifa uonekane katika daftari siku hiyo hiyo, kisha uingizwe katika ukurasa wa mwenyewe. Muamala usiojulikana wa nani usiachwe hewani, wala usiingizwe kwa kubahatisha katika ukurasa wa mtu. Uandikwe katika ukurasa maalumu wenye kichwa "Fedha Zisizotambuliwa", pamoja na tarehe, saa, namba ya muamala na kiasi.

Mwisho wa mwezi katibu atengeneze taarifa fupi kwa bodi. Tuchukue mfano wa kubuni, wa chama chenye bomba lake na wateja 240.

Ankara zilizotolewa: 240, zenye thamani ya Sh. 1,800,000.
Waliolipa kwa simu: wateja 93, Sh. 864,000.
Waliolipa taslimu: wateja 93, Sh. 576,000.
Jumla iliyoingizwa katika leja: wateja 186, Sh. 1,440,000.
Wanaoonekana kudaiwa: wateja 54, Sh. 360,000.
Fedha zisizotambuliwa: miamala 6, Sh. 48,000.

Taarifa hii ina mambo matatu ya kusomwa. Jambo la kwanza ni kiwango cha makusanyo. Sh. 1,440,000 zikigawanywa kwa Sh. 1,800,000 hutoa asilimia 80.

Jambo la pili ni kiwango cha malipo ya simu, nacho hupimwa kwa njia mbili. Kwa idadi ya waliolipa, 93 kati ya 186 ni asilimia 50. Kwa thamani ya fedha, Sh. 864,000 kati ya Sh. 1,440,000 ni asilimia 60. Tofauti hiyo ina maana. Inaonyesha kwamba wanaolipa kwa simu ni wenye ankara kubwa, pengine wenye maduka na migahawa, na kwamba wenye ankara ndogo wamebaki katika taslimu. Katibu atakayeripoti asilimia 60 peke yake atajisifu bure, kwa kuwa wale wanaohitaji msaada zaidi hajawafikia. Basi vipimo vyote viwili viandikwe.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Orodha inasema wateja 54 hawajalipa, na bodi inaweza kuamuru wote wakatiwe maji. Lakini katika akaunti ya chama kuna Sh. 48,000 zilizolipwa na watu ambao majina yao hayajulikani. Tuseme katibu anazifuatilia, na kila muamala unapatikana kuwa ankara kamili ya mteja mmoja aliyesahau kuandika namba yake. Basi wadaiwa halisi si 54 bali 48, deni halisi ni Sh. 312,000, na makusanyo si asilimia 80 bali karibu asilimia 83. Nyumba sita zilikuwa karibu kukatiwa maji ambayo zilikuwa zimeyalipia.

Kwa hiyo kanuni iwe hii: huduma ya mteja yeyote isikatwe kabla ukurasa wa fedha zisizotambuliwa haujasomwa na kumalizwa, na kabla mteja mwenyewe hajaulizwa kama ana ujumbe wa malipo. Mteja asiye na hatia akikatiwa maji mara moja, jirani zake kumi watarudi kulipa taslimu, wala hakuna tangazo litakalowarudisha.

6. Ujumbe wa simu una thamani gani?

Mwanachama akileta ujumbe, katibu asiukatae, lakini pia asiupokee kama fedha. Ujumbe unaweza kughushiwa, au kusambazwa kutoka simu nyingine. Faida yake ni kwamba una namba ya muamala, tarehe na kiasi, mambo yanayotosha kumwezesha katibu kuutafuta muamala katika taarifa ya akaunti. Ukipatikana humo, mteja amelipa. Usipopatikana, katibu aandike dai hilo katika daftari la malalamiko, ampe mteja nakala, na kumweleza siku ya kurudi kupata jibu. Wakati dai linachunguzwa, huduma yake iendelee.

7. Fedha za chama zisipite katika simu ya mtu

Ziko sehemu ambako wanachama huambiwa watume malipo katika simu ya katibu au ya mtunza fedha, kwa hoja kwamba chama bado hakijafungua namba yake. Desturi hii ikomeshwe, hata pale ambapo katibu ni mwaminifu kabisa.

Simu ya katibu ina fedha zake za nyumbani, na zikichanganyika na za chama hakuna mkaguzi awezaye kuzitenganisha. Laini imesajiliwa kwa jina lake. Akifariki, fedha zilizomo zitahesabika kuwa mirathi, na chama kitasimama mlangoni pamoja na warithi. Akijiuzulu, wanachama wataendelea kutuma katika namba waliyoizoea. Akituhumiwa kwa uongo, hana ushahidi wa kujitetea isipokuwa simu yake mwenyewe. Katibu mwaminifu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuikataa kazi hiyo, kwa kujilinda.

Chama kifungue namba ya malipo kwa jina lake, kwa azimio la bodi lililoandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Fedha zihamishwe kwenda benki kwa idhini ya watu wasiopungua wawili, na taarifa zote zichapishwe na kufungwa katika jalada. Anapofika mkaguzi, awe wa COASCO au mwingine, jambo la kwanza atakalolitafuta ni ulinganifu wa taarifa hizo na leja.

8. Chama kinapokuwa mteja

Chama kinachoendesha mashine ya kukoboa au tangi la kupozea maziwa hununua umeme mara kwa mara, na mara nyingi katibu hununua kwa simu yake kisha akadai kurudishiwa. Hati ya malipo ya ununuzi huo iwe na mambo manne: tarehe, namba ya mita, namba ya muamala na idadi ya yuniti zilizopatikana. Mtunza fedha asirudishe fedha kabla ya kuilinganisha namba ya mita iliyoko katika ujumbe na ile iliyoandikwa katika mita ya chama. Kwa kukosa kuitazama namba hiyo, chama kinaweza kulipia umeme wa nyumba ya mtu mwaka mzima, na kila hati ikaonekana kuwa sahihi.

Aidha, ikumbukwe kwamba si fedha zote zinazolipwa zinakuwa umeme. Ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani na michango ya REA na EWURA, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU. Mgawanyo huo huonyeshwa katika stakabadhi. Mtunza fedha auandike, ili bodi itakapouliza kwa nini yuniti za mwezi huu ni pungufu ya zile za mwezi uliopita, jibu liwepo.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika chama chenu au chombo chenu cha maji, fedha za ankara hupita katika namba ya nani? Kama ni ya mtu binafsi, azimio gani linahitajika, na liletwe katika mkutano upi?

2. Chukueni taarifa ya akaunti ya mwezi uliopita. Miamala mingapi haijaingizwa katika ukurasa wa mteja yeyote? Nani atapewa kazi ya kuwatafuta wenyewe, na kwa siku ngapi?

3. Chama kimetoa ankara 150 zenye thamani ya Sh. 900,000. Wateja 60 wamelipa Sh. 450,000 kwa simu, na wateja 40 wamelipa Sh. 150,000 taslimu. Tafuteni kiwango cha makusanyo, na kiwango cha malipo ya simu kwa idadi na kwa thamani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inawaambia nini?

4. Mjane asiye na simu amelipa kwa wakala, naye wakala amekosea namba ya mteja. Orodha ya wadaiwa imebandikwa ubaoni, na jina la mjane limo. Elezeni hatua kwa hatua wajibu wa katibu tangu mjane anapofika ofisini hadi jina lake linapofutwa mbele ya watu wale wale waliolisoma.